Waya wa Mbili na Nusu

Kwa miaka sita Menza Ngumbao alitengeneza mabirika na pasi katika kibanda cha mabati nyuma ya soko la Malindi, na kwa miaka hiyo yote alimchukia mtu mmoja, asubuhi na jioni, kwa uaminifu ambao wengine huuweka kwenye sala zao. Mtu huyo aliitwa Masha. Asije msomaji akadhani Menza alikuwa na roho mbaya. Wateja walimsifu kwa upole, na akina mama walimletea feni zilizochoka wakijua hatawadanganya. Lakini chuki alikuwa nayo, aliilisha na kuinywesha, na kabla ya kumhukumu ni vyema kusikia ilikotoka.

Zamani Menza hakuwa mtu wa mabirika. Alikuwa fundi wa umeme wa majumba, mwenye cheti na leseni, na kuanzia Mambrui hadi Watamu ukilitaja jina lake mtu alijua nyumba iko salama. Alikuwa na wazimu mmoja, nao ni unene wa waya. Mafundi wengine walichukua waya wowote uliokuwepo dukani. Yeye alikaa chini na kalamu. Aliuliza mashine itakula ampea ngapi, waya utatembea mita ngapi, na utapita wapi, darini kwenye joto au nje penye upepo. Aliyetaka kujua sababu alielezwa habari za mlango. Watu mia wakitoka msikitini kwa mlango mpana hupita wakisalimiana. Wakitoka kwa mlango wa mtu mmoja watapita vilevile, ila kwa kusukumana na jasho. Shaba nyembamba huukinza umeme, na umeme ukikinzwa hutoa joto. Waya ukiwa mwembamba na mrefu pia, hapo ni balaa juu ya balaa.

Mwaka wa 2017 Bi Hafidha, aliyekuwa na kiwanda kidogo cha mikate mjini Malindi, aliagiza matanuri mawili ya umeme. Menza ndiye aliyepiga hesabu. Kila tanuri lingekula ampea ishirini na tisa, na kutoka kwenye bodi ya umeme hadi kwenye tanuri palikuwa na mita arobaini. Akaandika kwa kila tanuri waya wa shaba wa milimita sita, na breka ya ampea thelathini na mbili ya kukata umeme mambo yakizidi. Kazi ya kununua vifaa na kuvuta nyaya ilipewa Masha, mkandarasi waliyekua naye upande wa Kakoneni, mtu wa kucheka na kila mtu. Masha aliusoma mchoro, akaona waya wa sita, akaenda akanunua wa mbili na nusu.

Hakuweka wote mwembamba, maana angeshikwa siku ileile. Kwenye bodi alitokeza kipande cha waya wa sita, mnene, wa kupendeza macho. Kwenye tanuri akatokeza kipande kingine cha namna hiyo. Katikati, juu ya dari, mahali pa panya na popo, akaunganisha wa mbili na nusu mita baada ya mita. Menza alikuja kukagua, akaziona ncha mbili nene, akatia sahihi.

Breka nayo haikuwa na la kufanya. Iliwekwa ilinde waya mnene, na haikuambiwa kwamba unaopita ni mwembamba. Ampea ishirini na tisa hazifiki thelathini na mbili, basi breka ililala usingizi wake wa halali huku waya ukipikika taratibu ndani ya paipu.

Ulipikika miezi mitano. Siku tatu kabla ya Idi, matanuri yote yakiwa yamewaka tangu alfajiri, dari ilishika moto saa nne za asubuhi. Wafanyakazi saba walitoka mbio. Wa nane alikuwa Sidi, mdogo wake Menza, mkandaji wa unga. Alikuwa ameingia stoo ya nyuma kuchukua gunia, na stoo ile ilikuwa na mlango mmoja tu. Hakutoka.

Masha alijitolea kusafisha kifusi. Watu walimsifu kwa utu wake. Kwa siku mbili alizoa kila kitu, na shaba yote, iliyoyeyuka na isiyoyeyuka, ikaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wakaguzi walipofika walikuta sakafu imefagiliwa.

Kiponda, mumewe Sidi, hakutaka kusikia habari za ampea. Alitaka kujua ni nani aliyemwulia mkewe, aliyechora au aliyejenga, na kwa Wagiriama swali kama hilo lina njia yake ya tangu na tangu: kiraho cha tsoka, kiapo cha shoka. Shoka hutiwa motoni mpaka likaiva, mganga mwenye kiraho hulisemea maneno yake, kisha chuma hupitishwa kwenye kiganja cha kila anayeshukiwa. Mwenye hatia hutoka malengelenge. Wote wawili walikubali. Menza alikwenda na moyo mweupe, akiamini hana alichokosa.

Kiganja cha Masha hakikutoka kitu. Cha Menza kilivimba kabla hajarudi kuketi. Hakuna aliyekumbuka pale uwanjani kwamba Masha, kabla hajawa mkandarasi, alikata mawe ya matumbawe kwa miaka kumi na miwili, na ngozi ya viganja vyake ilikuwa ngumu kama soli ya kiatu. Menza alizoea kalamu na koleo. Siku ile shoka lilipima ngozi, basi, na watu wakasema limepima moyo.

Kiponda alimpiga marufuku kukanyaga boma lake tena. Kaburi la Sidi lilikuwa ndani ya boma hilo. Kazi nazo zikakauka, kwani nani atamwita fundi aliyehukumiwa na shoka kwa moto uliomwua dada yake? Mara mbili Menza alipanda gari hadi Kakoneni, akasimama barabarani, akaliona paa la nyumba ya Kiponda, akarudi Malindi. Hakutaka leseni wala wateja. Alitaka kusimama kwenye kaburi la Sidi, na alitaka Masha ajulikane. Na kama angeambiwa achague moja, kwa kweli kuna siku angechagua la pili.

Basi ndivyo mambo yalivyokaa mpaka mwaka juzi, alipofika kibandani mama mmoja mnene, mwenye miwani, amebeba birika la umeme ndani ya mfuko. Jina lake Bridgit Nyaboke, muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Kisii aliyefanya kazi Pwani mpaka nywele zikaingia mvi. Kila mtu alimwita Sista. Alikuwa amemaliza kujenga hosteli ya wanafunzi mjini Kilifi, jirani na chuo kikuu. Alilalamika kwamba birika lake linachemsha maji kwa kusuasua. Menza alilichomeka palepale, na maji yakachemka kabla Sista hajamaliza kueleza habari za magoti yake.

Menza alimwambia birika ni zima. Kilichobaki ni nyumba. Akamwuliza kama taa hufifia jiko linapowashwa, na Sista akashangaa kajuaje. Akamwuliza ni nani aliyevuta nyaya.

"Mkandarasi mmoja anaitwa Masha," alisema Sista. "Mtu mzuri sana. Anacheka na kila mtu."

Menza alifunga kibanda mchana huohuo, akaenda naye Kilifi.

Jiko la hosteli lilikuwa ghorofa ya pili, mita arobaini kutoka kwenye bodi. Palikuwa na meko mawili makubwa ya umeme, sawasawa, ingawa moja lilikuwa bado halijaunganishwa. Breka ilikuwa ya thelathini na mbili. Kwenye bodi ulitokeza waya wa sita, na nyuma ya meko ulitokeza waya wa sita. Menza aliwasha plati zote akapima, na meko lilikula ampea ishirini na tisa, sawa na tanuri la Bi Hafidha. Bodini mita ilisoma volti mia mbili na arobaini. Jikoni ilisoma mia mbili na kumi na tisa. Volti ishirini na moja zilikuwa zimepotelea njiani, ilhali kwa waya wa sita zingepotea nane au tisa, na umeme ukipotea njiani haupotei bure, unageuka joto. Akagawa ishirini na moja kwa ishirini na tisa, akapata ukinzani, na ukinzani ule ukamtajia unene wa waya kana kwamba umetamka. Mbili na nusu. Alisimama pale jikoni amejaa furaha, furaha chungu ya mwindaji aliyeuona unyayo wa mnyama wake.

Hakumwambia Sista. Hilo ndilo jambo la aibu katika maisha ya Menza, na halitafichwa hapa. Alimwambia atarudi, akapanda gari, na kwa siku nane akakaa kibandani bila kupiga simu. Wanafunzi walikuwa wanafungua muhula mpya. Jiko lingewaka kutwa. Menza alihesabu ampea, akahesabu joto la darini, akahesabu ingechukua miezi mingapi, na akaitamani siku hiyo. Safari hii jina lake halikuwa kwenye sahihi. Safari hii angesimama pembeni, Masha akiulizwa.

Siku ya tisa Sista alimpigia mwenyewe. Alikuwa na furaha, amepata mpishi. Mama mmoja anaitwa Nelly, hodari, anakanda unga wa chapati za watu sitini kwa mikono yake miwili.

Tangu Sidi afe Menza hakupenda hata kusikia mtu akitaja kukanda unga. Lakini tusimpambe kuliko alivyokuwa. Kilichomsimamisha wima hakikuwa huruma peke yake, lilikuwa pia wazo la pili lililokuja nyuma yake: moto ungemficha Masha tena. Angejitolea tena kusafisha. Angezoa shaba, angesifiwa, angecheka. Moto ulikuwa rafiki yake Masha. Wakati wa kumshika ulikuwa sasa, waya ungali mzima, mchana kweupe, mbele ya watu.

Alimwomba Sista azime umeme wa jiko na Nelly asiwashe hata moto wa chai. Akamweleza yote, pamoja na siku zake nane za kunyamaza. Sista alimwambia kwa sauti ya wodini kwamba hilo la siku nane watalizungumza yeye na Mungu wake, na sasa aseme anataka nini. Menza alitaka Masha aitwe Alhamisi kukabidhi jengo. Na alitaka muda wa kwenda Kakoneni.

Hakuingia bomani. Alisimama barabarani akatuma mtu, na Kiponda akatoka, amekonda, mikono nyuma. Menza hakumwomba radhi wala kumbembeleza. Alimwambia tu kwamba kuna kiraho kingine Alhamisi, kwamba Masha atakuwepo, na kwamba kama anampenda marehemu aje aone. Kiponda aliuliza gari linatoka saa ngapi.

Alhamisi saa tatu asubuhi Menza alikuwa amemaliza kazi yake. Alitandaza ukutani waya wa sita wa kuazima, mita arobaini kamili, kutoka kwenye bodi hadi kwenye meko la pili. La kwanza aliliacha kwenye waya wa Masha. Akawasha plati zote za meko yote mawili, masufuria ya maji juu yake, na kuyaacha yachemke nusu saa. Masha alifika amevaa shati jeupe, akamkuta Menza, akacheka. Akamkuta Kiponda, akacheka kidogo. Sista alimwomba asimame tu, fundi ana kitu cha kuonyesha.

Menza alizima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli, akampa Sista ufunguo autie mfukoni. Akapanda ngazi, akatoa ubao wa dari, akafungua kifuniko cha boksi la viungio. Akapima kuhakikisha hakuna umeme. Mle ndani waya wa sita ulikutana na wa mbili na nusu, na ule mwembamba ulikuwa umelegea ngozi yake na kunuka. Akauvuta ukaning'inia mpaka usawa wa kifua cha mtu. Ule wa kuazima ulikuwa pembeni yake.

"Masha," alisema, "tuliwahi kula kiraho mimi na wewe. Leo tutakula tena, na mimi naanza."

Alikunja mkono wa shati, akaubana ule wa sita kwenye ngozi laini ya ndani ya mkono, chini ya kiwiko. Akamwambia Kiponda ahesabu. Kiponda alihesabu hadi thelathini, na ngozi ya Menza haikuwa na alama. Kisha akaubana ule mwembamba. Kiponda alifika nne. Menza alipoutoa mkono, mstari mwekundu ulikuwa umeshainuka.

Masha alicheka kwa sauti. Akawaambia wote wameona, fundi ameungua tena, na kwamba mwongo ni mwongo hata baada ya miaka sita.

"Waya haumjui mwongo," alisema Menza. "Unajua unene tu. Wa sita haumuunguzi mtu, awe mkweli awe mwongo. Huu wako unamuunguza kila mtu, na hapa umezimwa. Njoo uushike kabla haujapoa."

Masha, kwa kuwa watu walikuwa wakimtazama, alinyoosha kiganja chake cha kulia.

"Kiganja hapana. Kiganja chako kilinishinda mara moja. Kunja mkono wa shati, uweke palepale nilipoweka mimi."

Masha hakukunja. Alisema yeye si mtoto wa kuchezewa michezo. Kiponda akamsogelea, akamwambia kwa upole kabisa akunje. Masha aliutazama waya, akamtazama Kiponda, na shati lake jeupe likaanza kulowa mgongoni. Wote watatu wa Kakoneni walijua maana ya mtu kukikataa kiraho mbele ya mwenye msiba. Hakuna haja ya mganga kuieleza.

"Kila mtu anafanya hivi," alisema Masha hatimaye. "Waya ukishaingia darini, nani anauona? Hata kule kwa Bi Hafidha tulifanya kama kawaida. Haikuwa kwa ubaya."

Sista Bridgit alikuwa ameishika simu yake kifuani tangu mwanzo, inarekodi. Hakuhitaji mkono wa mtu, alisema, yeye ni Msabato na hana habari na viapo vya moto. Lakini masikio anayo. Alimwambia Masha akae kwenye ndoo ya rangi iliyokuwa pembeni na asiinuke, maafisa wa polisi wako njiani na chumba kina mlango mmoja. Masha akakaa. Ile sura ya kucheka na kila mtu ilimtoka, na chini yake palikuwa na mzee tu, mwenye midomo mikavu.

Menza alimtazama akiwa amekaa hivyo, na utamu alioupata hakuwahi kuupata maishani. Hakumhurumia hata chembe. Alitamani akae pale mwaka mzima, ili naye apate kumtazama mwaka mzima. Mkono ulikuwa ukimwuma na maumivu yenyewe yalikuwa matamu.

Kiponda alikuwa bado amesimama chini ya tundu la dari. Aliushika ule waya mwembamba, uliokuwa sasa vuguvugu tu, akausugua kati ya vidole viwili kama mtu anayepima kitambaa. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Menza alijua sasa yanakuja yale maneno aliyoyangojea. Akasimama vizuri kuyapokea.

"Mulamu," alisema Kiponda, neno la kumwita shemeji, ambalo hakulitamka tangu msibani. "Huyu anasema darini nani anauona. Wewe ndiye uliyetia sahihi kule. Ulipanda?"

Mtu pekee aliyejua jibu alikuwa Menza. Ngazi ilikuwepo siku ile, imeegemea ukuta. Jua lilikuwa kali, dari ilikuwa tanuri, na Masha alikuwa rafiki yake. Ingetosha aseme ndiyo, na kila kitu alichokitaka kilikuwa mkononi.

"Sikupanda," alisema. "Niliona ncha mbili, nikaridhika."

Kiponda aliuachia waya. Akamtazama Masha pale juu ya ndoo, akamtazama Menza, na haikuonekana kama aliwatazama tofauti sana.

"Njoo Jumamosi," alisema. "Kaburi utaliona, sikukatazi tena. Ila ukifika umwambie Sidi mwenyewe hivyohivyo ulivyoniambia mimi, nami nitakuwepo nisikie."

Menza alisema atakuja. Kwa miaka sita alikuwa ametunga maneno ya kumwambia dada yake siku atakayofika kaburini, mengi, mazuri, na yote yalimhusu Masha. Alisimama pale jikoni akiyapitia moja baada ya jingine, na hakupata hata moja la kwenda nalo.